Mnyama akifia shambani kwako: hesabu ya mkulima wa Meru

MKULIMA wa nyanya wa Ngarenanyuki ana majirani wawili wasiolala. Wa kwanza ni soko, ambalo bei yake inaweza kubadilika kabla tenga halijafika Kilombero. Wa pili ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo tembo, nyati na nyani wake hawajui mpaka uko wapi.

Habari za soko zimeandikwa sana. Leo tumwangalie huyu jirani wa pili, hasa pale ujirani unapofikia hatua ya damu: mnyama amevamia na mkulima amemuua, au gari la nyanya limemgonga twiga, au punda amevunjika mguu na mwenyewe hajui afanye nini. Mambo hayo matatu, yaani kujitetea, ajali na huruma, yote yana nafasi katika sheria zetu. Wengi hawaponzwi na kitendo chenyewe. Huponzwa na yale wanayoyafanya saa chache baadaye.

Usiku shambani

Hifadhi ya Arusha ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa Ngurdoto, na leo ina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 552. Ni ndogo ukilinganisha na Serengeti, na imezungukwa na watu. Upande wa kaskazini wapo wakulima wa Olkung'wado, Uwiro, Ngabobo na Kisimiri. Mashariki wapo wa Leguruki. Zamani tembo walipita kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro Magharibi bila kizuizi kikubwa. Sasa njia hiyo imebanwa na mashamba na makazi. Tembo mkubwa anaweza kula kilo 150 za majani na mazao kwa siku, na anachokikanyaga ni kingi kuliko anachokila.

Je, mkulima akiamka na kumkuta shambani, anaruhusiwa kufanya nini? Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kumuua mnyama katika kutetea maisha au mali si kosa. Lakini ni lazima hatari iwe ya kweli. Aliyekuwa akiwinda bila kibali, au aliyemfuata mnyama hadi porini ili alipize kisasi, hawezi kujificha nyuma ya neno "kujitetea".

Hapo ndipo penye mtego. Mnyama aliyeuawa kwa kujitetea, aliyeuawa kwa ajali, hata aliyekutwa amekufa tu, ni nyara ya Serikali. Nyama, ngozi, pembe, kucha, vyote si vyako, ingawa mzoga umelala juu ya kitunguu chako. Mkulima aliyeanza usiku akiwa mwathirika anaweza kumaliza asubuhi akiwa mtuhumiwa, kwa sababu tu majirani walikuja na visu na yeye akaweka mapaja mawili ndani. Kesi za nyara mara nyingi hufunguliwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi. Gharama ya wakili, nauli za mahakamani na msimu mzima uliopotea haiwezi kulipwa na kilo 20 za nyama. Aidha, kimeta si ugonjwa wa hadithi katika mkoa wetu. Mzoga usiopimwa ni hatari kwa familia.

Hali kadhalika, mnyama aliyejeruhiwa akatoroka lazima atolewe taarifa. Nyati mwenye mshale mwilini ni hatari kubwa kwa mama anayekwenda kuchota maji kesho yake.

Na sumu je? Sumu si kujitetea, kwa sababu haimngojei mvamizi. Ukiweka dawa ya wadudu kwenye mzoga wa kondoo ili kumkomesha fisi, atakufa fisi, watakufa na tai, na mbwa wa jirani, na pengine mtoto atashika kisichoshikwa. Tai ndio wanaosafisha mizoga bure. Ukiwamaliza umejiongezea kazi na magonjwa.

Barabarani na mzigo

Wafanyabiashara wanaochukua mzigo Ngarenanyuki wanajua kwamba barabara ya kuteremka Usa River inakatiza ndani ya hifadhi, ikipita eneo la Serengeti Ndogo ambako pundamilia na twiga huvuka wanavyotaka. Dereva anakimbiza nyanya zisiharibike, na siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, mwendo huongezeka.

Kwa mfano wa gharama, tuangalie Mikumi, ambako barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa inakatiza hifadhi. Vibao vilivyowekwa huko viliorodhesha malipo kwa atakayemgonga mnyama: twiga dola 15,000 za Marekani, nyati dola 1,900, pundamilia dola 1,200, swala pala dola 390. Hata kama ajali haikukusudiwa, uzembe una bei.

Mfanyabiashara afanye hesabu ndogo. Kutoka getini hadi getini, kupunguza mwendo kunamgharimu dakika chache. Akigonga, anapoteza taa, rejeta, mzigo na siku nzima ya maelezo. Akiwa na bima ndogo tu, gari lake halitengenezwi na bima, kwani bima hiyo hulipa madhara ya watu wengine. Na akimgonga mnyama akaondoka kimya, au akampakia, ameigeuza ajali kuwa kosa la jinai. Asimame mahali salama na atoe taarifa kwa askari wa hifadhi walio karibu.

Punda aliyevunjika mguu

Suala la huruma linazungumzwa kidogo, lakini vijijini Meru linatokea mara kwa mara. Punda ni mtaji: hubeba maji, mahindi na matenga hadi gari linapofika. Akigongwa kwenye barabara ya Arusha–Moshi, wapo wenye mali wanaomvuta pembeni na kumwacha afe taratibu, wakiogopa gharama au wakisema hawana roho ya kumuua.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatazama jambo hilo kinyume. Kumtelekeza mnyama anayeteseka ni ukatili. Kumuua haraka, kwa njia yenye maumivu kidogo iwezekanavyo, pale ambapo daktari wa mifugo au mkaguzi ameona hawezi kupona, ni jambo linalokubalika. Kwa hiyo mwite ofisa mifugo wa kata. Maelezo yake ndiyo kinga yako. Na asitokee wa kukushawishi umpeleke kwa wachuna ngozi: Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani.

Huruma hiyo haiendi kwa mnyama wa porini. Twiga aliyevunjika mguu ni wa Serikali akiwa hai na akiwa amekufa. Kazi ya kummalizia ni ya askari wa wanyamapori.

Nani analipa?

Hapa ndipo mchumi anapaswa kusema ukweli ambao mwanasheria anaweza kuupita. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho na kifuta machozi, si fidia. Familia ya aliyeuawa na mnyama hatari iliwekewa shilingi milioni 1. Kwa mazao, kiwango kilikuwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kisizidi ekari tano. Kadiri shamba lilivyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi, ndivyo malipo yalivyoongezeka. Aliyelima ndani ya mita 500 hakupata kitu.

Viwango vya namna hii hurekebishwa, hivyo ulizia vya sasa kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri. Lakini hesabu ya 2011 inatuonyesha tatizo lilipo. Tuseme ekari moja ya nyanya imemla mkulima shilingi milioni 2 za mbegu, mbolea, dawa na vibarua. Akilipwa kiwango cha juu kabisa, amerudishiwa asilimia 5. Tena anaipata baada ya fomu kuzunguka kijijini, wilayani na wizarani, wakati mkopo wa pembejeo haungoji.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia atoe taarifa, atauliza: taarifa inanipa nini? Mkuki anauona una jibu la haraka. Sheria inayomtaka mkulima awe mwaminifu lazima imlipe mwaminifu mapema. Mapato ya utalii ya mlima huu yanaonekana. Kutenga sehemu yake kwa malipo ya haraka ya mazao yaliyoliwa kungekuwa na faida kuliko kesi.

Wakati tukingoja hilo, kinga ndiyo nafuu. Katika eneo la Enduimet, Longido, na Burunge, Babati, vijana wa vijiji wamefukuza tembo kwa hatua: kwanza tochi kali, kisha honi, kisha mlipuko wa pilipili, na mwisho fataki. Hakuna anayekufa, na zamu ya vijana wanane ni rahisi kuliko ekari nane. Mizinga ya nyuki ukingoni mwa shamba nayo husaidia, na asali huuzwa.

Yakitokea ya kutokea, kumbuka haya. Usiguse mzoga, wala usiruhusu mtu aukate. Mwite mtendaji wa kijiji usiku huo huo, naye amwite ofisa wanyamapori au askari wa hifadhi. Piga picha za nyayo, mazao yaliyoharibiwa na mahali mnyama alipoangukia. Andika majina ya mashahidi. Dai lako la kifuta jasho na utetezi wako mahakamani vitategemea karatasi zile zile.

Nyanya zilizokanyagwa hazirudi. Usikubali na shamba liende kwa sababu ya kitoweo cha siku moja.