Usiniuzie Kadi ya Grafiki, Niuzie Ukimya

Wasee, leo najua tutakosana, lakini lazima niseme.

Kila kijana hapa Dadaab akipata pesa kidogo ya kuanza kurekodi, anaambiwa kitu kimoja: tafuta kompyuta ya gemu. Kioo ubavuni, taa za rangi, kadi kubwa ya grafiki. Mimi niliambiwa hivyo hivyo na nikaamini. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, na pesa iliyobaki ya karo ikaenda kwa hiyo mashine. Nikaileta Ifo kwa basi nimeipakata kama mtoto.

Mtu wa kwanza kurekodi alikuwa ayeeyo mmoja jirani, bingwa wa buraanbur. Dakika 40 hivi. Nje jenereta inanguruma, maana bila jenereta mashine haiwaki. Ndani, chini ya mabati, joto likapanda na feni zikapanda nalo. Ayeeyo alisharudi Kismayo. Nilichobaki nacho ni feni zinaimba, yeye anaitikia.

Shida yenyewe ni hii: kwetu stima na ukimya haviji pamoja. Jenereta ikiwaka, una stima lakini huna ukimya. Ikizimwa, una ukimya lakini huna stima. Kwa hivyo kitu cha kwanza kuchagua ni betri. Hayo mengine yanafuata.

Kadi kama RTX 4060 inaweza kula wati 115 peke yake, na sauti yako haipiti huko hata kidogo. Kurekodi kunataka prosesa, RAM na diski. Laptop ya mtumba kama ThinkPad T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine unaweza kuichomoa ukaweka iliyojaa. Prosesa yake ni ya wati 15. Weka RAM ya GB 16. Weka SSD, haina kitu kinachozunguka, kwa hivyo haina mlio. Na usidanganywe kuhusu ukubwa: maiki moja, biti 24, kHz 48, saa nzima ni kama MB 520. GB 256 zinakutosha kuanza.

Maiki? Chukua dainamiki, kama Shure SM58. Inashika mdomo ulio karibu nayo. Kondensa itakuletea mpaka mbuzi wa majirani.

Najua mtauliza, "Na video uta-edit na nini?" Na hiyo hiyo laptop, pole pole. Video ikichelewa, unalala, asubuhi unaikuta. Sauti ya mzee ikiharibika na mwenyewe ameondoka, utamwambia arudie vipi? Programu za kusafisha kelele nimezijaribu, walahi. Zinatoa feni na zinakata ayeeyo pia.

Kambi hizi zimekuwepo tangu 1991. Miaka yote hii wageni wanakuja na maiki nzuri, wanarekodi wazazi wetu, wanaondoka na sauti zao. Sasa tunaweza kurekodi wenyewe, halafu tunatupa pesa kwa taa za rangi? Huo ni ujinga, na nausema nikijua mimi ndiye niliyeanza.

Ile mashine yangu naiuza. Taa zote zinawaka. Kama unataka kurekodi, tafadhali usiinunue.