Mmea nao hufa njaa

Ukimwuliza mtoto wa shule mmea hula nini, aghalabu atakujibu, "Udongo na maji." Watu wazima wengi nao hudhani hivyo. Jibu hilo lina ukweli nusu tu, kwa maana chakula kikuu cha mmea hakiko ardhini. Kiko hewani, nacho ni kabonidayoksaidi, hewa ile ile unayoitoa puani kila unapopumua.

Katika karne ya 17, Jan van Helmont wa mji wa Brussels alipanda mche ndani ya chombo chenye udongo wa kilo 90 hivi, akawa anautia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo 70, ilhali udongo ulikuwa umepungua gramu 60 hivi tu! Yeye alifikiri mti wote umetokana na maji. Mwaka wa 1804, Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva alionyesha kwamba maji yana sehemu yake, lakini kaboni ya mmea hutoka hewani.

Mambo huwa hivi. Jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Humo ndimo hewa huingia. Mizizi huleta maji, na ile rangi ya kijani iitwayo klorofili hunasa mwanga wa jua. Kwa nguvu za jua, mmea huunganisha maji na kabonidayoksaidi ukapata sukari, na oksijeni ikatolewa nje tukaivuta sisi. Sukari hiyo ndiyo hugeuzwa kuwa wanga, mafuta, nyuzi na mbao. Karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni, na ndiyo maana mti ukichomwa katika tanuri hubaki makaa. Mbolea ni ya lazima, lakini kwa mmea ni kama chumvi na viungo. Haiwezi kuwa ugali.

Ajabu ni kwamba chakula hiki ni haba. Katika kila sehemu 10,000 za hewa, kabonidayoksaidi ni sehemu 4 na ushei.

Sasa twende Ruiru, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka wa 1985. Mbuni, yaani mti wa kahawa, hufungua vitundu vyake mchana. Taabu ni kuwa mlango unaoingiza hewa ndio huo huo unaopoteza maji. Jua likiwa kali na udongo mkavu, mbuni hufunga mlango. Maji huhifadhika, lakini hewa nayo haiingii. Jua lipo tele, chakula hakipikwi. Basi wakati wa kiangazi mmea huteswa na kiu na njaa kwa pamoja.

Songa mbele hadi Thika, kwenye mashamba makubwa ya mananasi ya Del Monte. Nanasi ni mjanja. Hufungua vitundu usiku, wakati kuna baridi na maji hayapotei ovyo. Huvuta kabonidayoksaidi na kuiweka ndani ya majani ikiwa asidi. Kukicha hufunga mlango, kisha hutumia akiba hiyo kupika chakula kwa mwanga wa jua. Ndiyo sababu nanasi hustahimili ukavu unaoisumbua kahawa.

Nyumbani haya yana maana gani? Sukuma wiki yako nyuma ya nyumba itandazie nyasi kavu ili udongo usikauke upesi, na uimwagilie asubuhi mapema. Majani yaliyojaa vumbi la barabara yaoshe.

Wako pia wanaoogopa kulala chumba kimoja na chungu cha maua, wakisema maua humaliza hewa usiku. Ni kweli mimea hupumua kama sisi, na gizani mingi haitoi oksijeni. Lakini kiasi inachotumia ni kidogo sana kuliko cha mtu aliyelala kando yako. Cha kuogopwa ni jiko la makaa, hasa wakati wa baridi ya Julai. Jiko hilo hutoa gesi nyingine, kabonimonoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Tafadhali usilale na jiko la makaa chumbani, hata kama moto unaonekana kufifia.

Mwanafunzi hodari atauliza, "Ikiwa kabonidayoksaidi ni chakula cha mimea, mbona inalaumiwa?" Kwa sababu imezidi kipimo, na gesi hiyo huzuia joto la dunia lisitoke. Vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, vilianza mwaka wa 1958 vikionyesha sehemu 315 katika kila milioni. Leo zimepita 420. Huko Naivasha, shamba la maua la Oserian liliwahi kuingiza gesi hiyo kutoka kisima cha mvuke katika vibanda vya waridi ili yanawiri. Lakini humo maji na joto vilipimwa. Mbuni ulio nje, uliofunga milango yake kwa ukame, hewa ya ziada itaufaa nini?

Enyi wanafunzi, jaribuni hili wiki hii. Pakeni mafuta mazito ya kujipaka upande wa chini wa majani mawili matatu ya mmea ulio hai, na mengine yaacheni. Mwagilieni maji kama kawaida, kisha yatazameni baada ya siku kadhaa. Maji yapo, udongo upo, jua lipo. Mtakachokuwa mmeyanyima ni hewa.