Kinyozi Hajinyoi? Kichunguzi cha Programu na Kamusi za Kiswahili

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na wengine wakaongeza kwamba akijinyoa hujikata. Mganga naye, wakasema, hajigangi. Methali hizi hutumiwa aghalabu kumkumbusha binadamu kwamba anamhitaji mwenzake. Hata hivyo, ndani yake mna dai jingine ambalo ni nadra kuchunguzwa: kwamba chombo kilichoundwa ili kurekebisha vingine hakiwezi kujirekebisha chenyewe. Wataalamu wa kompyuta wamelijibu dai hilo kwa vitendo kwa miongo kadhaa, na jibu lao lastahili kusomwa na wanafunzi wa Kiswahili. Sababu ni nyepesi. Kiswahili nacho kina vyombo vyake vya kurekebishia: kamusi, vitabu vya sarufi na, katika miaka ya karibuni, programu za kukagua tahajia. Watu husahihishwa kwavyo kila siku. Je, vyenyewe husahihishwa na nani?

Tuanze na kompyuta. Programu ni mlolongo wa maagizo. Mwandishi wake akikosea agizo moja, programu hutoa jibu la uongo au huzimika ghafla, na kosa lenyewe laweza kuwa limejificha katikati ya mistari 100,000. Waingereza huliita kosa hilo mdudu. Kisa cha tarehe 9 Septemba 1947, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Harvard walipomkuta nondo amekwama ndani ya kompyuta ya Mark II wakambandika katika daftari lao la kazi, kimesimuliwa mno hata wengi hudhani kuwa ndicho chanzo cha jina hilo. Sicho; wahandisi walikuwa wakilitumia tangu karne ya 19. Kwa Kiswahili neno hitilafu latosha, na programu inayomsaidia mwandishi kuisaka hitilafu itaitwa hapa kichunguzi.

Kichunguzi hufanya kazi kama mtegaji. Mwandishi hukionyesha mahali anapopashuku. Kichunguzi hung'oa agizo lililopo pale na kuweka mtego badala yake. Programu inayochunguzwa huja ikitekeleza maagizo yake, huukanyaga mtego, husimama. Hapo mwandishi anaweza kuuliza: hesabu hii ina thamani gani sasa? Ni nani aliyeita sehemu hii ya programu, naye aliitwa na nani? Kisha huiruhusu isonge hatua moja, atazame tena. Hivyo ndivyo kosa linavyopatikana, kwa subira.

Lakini kichunguzi nacho ni programu, na kimeandikwa na binadamu. Kikiwa na hitilafu, kitamdanganya mwandishi, naye atapoteza siku nzima akitafuta kosa mahali lisipokuwa. Kichunguzi kiitwacho GDB, ambacho Richard Stallman alianza kukiandika mwaka 1986 katika mradi wa GNU, hukabiliana na tatizo hilo kwa njia kadhaa, na mojawapo ndiyo inayohusu mada hii: GDB hupewa kazi ya kuichunguza GDB. Tena kazi hiyo haifanywi kwa mkono. Imeandikwa kama jaribio linalojiendesha, nalo limewekwa pamoja na majaribio mengine ambayo yeyote aweza kuyaendesha baada ya kuibadili programu hiyo. Na kwa kuwa maandishi ya GDB yako wazi kwa umma, mtu aliyeketi nyumbani kwake Kitisuru, mtaa ulioota juu ya mashamba ya zamani ya kahawa magharibi mwa Nairobi, anaweza kuyapakua jioni moja, kuijenga programu na kuamuru majaribio yaanze. Hahitaji kibali wala kushuka mjini. Atayaona majaribio yaleyale anayoyaona mhandisi aliye California.

Hapa methali inarudi kwa namna ya kushangaza. Katika mfumo wa Linux, kiini cha mfumo hukataa katakata ombi la programu inayotaka kujishika yenyewe ili ijichunguze. Kinyozi hajinyoi: hiyo ni sheria iliyoandikwa ndani ya mashine. Nayo ina mantiki. Kuchunguza ni kusimamisha. Programu ikijisimamisha, ni nani atakayebaki kuiambia iendelee? Kwa hiyo GDB haijichunguzi kwa maana halisi ya neno hilo. Jaribio hutengeneza nakala ya pili, hulipa faili lake jina la xgdb, kisha nakala ya kwanza huishika nakala ya pili kama inavyoishika programu nyingine yoyote. Wapo sasa vinyozi wawili wanaofanana kama pacha, mmoja amekaa kitini na mwingine ameshika wembe.

Yupo pia wa tatu, na huyo ndiye anayepaswa kutazamwa kwa makini. Ni programu ndogo iliyoandikwa kwa zana iitwayo Expect, iliyobuniwa na Don Libes yapata mwaka 1990, ambayo kazi yake ni kuzungumza na programu nyingine kama mtu anayecharaza kwenye kibodi na kusubiri jibu. Huiamuru nakala ya nje iweke mtego mwanzoni mwa nakala ya ndani. Huuliza toleo la nakala ya ndani ni lipi, na kulinganisha jibu na lile linalotarajiwa. Huiacha nakala ya ndani iendelee hadi itoe kidokezo chake cha kusubiri amri, ambacho hubadilishwa kisomeke xgdb ili wa ndani asichanganywe na wa nje, maana pacha wakisema kwa pamoja msikilizaji hupotea. Kisha hutuma ishara ya kukatiza, ile ambayo mtumiaji huituma kwa kubonyeza vitufe viwili, na kuangalia kama nakala ya nje imeinasa na kama yaweza kueleza kwa usahihi nakala ya ndani ilikuwa ikifanya nini wakati huo. Kila hatua ina jibu lake lililoandikwa kabla ya jaribio kuanza. Jibu likilingana, huandikwa imefaulu, lisipolingana, imefeli.

Matokeo hayaishii katika kufaulu na kufeli. Mfumo wa majaribio wa GDB una hukumu nyingine: upo ufeli uliotarajiwa kwa sababu zilizo nje ya programu, upo ufeli unaotokana na kasoro inayojulikana ambayo imesajiliwa na kupewa namba, na lipo jambo ambalo halikujaribiwa. Aliyeuendesha mtihani hana ruhusa ya kunyamaza. Kama hakupima, ataandika kwamba hakupima. Ni wanazuoni wangapi wa lugha yoyote ambao dibaji zao hukiri hivyo?

Njia hii ina upungufu wake, nao si mdogo. Wa nje na wa ndani wametoka tumbo moja. Kama kichunguzi kina hitilafu inayokifanya kisome tarakimu fulani vibaya, nakala ya nje itaisoma vibaya na nakala ya ndani itakuwa na hitilafu ileile, na huenda wakakubaliana kabisa. Makubaliano ya pacha si ushahidi. Mholanzi Edsger Dijkstra aliwaonya wenzake yapata miaka ya 1970 kwamba kujaribu programu kwaweza kudhihirisha kuwa hitilafu zipo, lakini hakuwezi kamwe kuthibitisha kuwa hazipo. Kinachoipa nguvu njia hii ni yule wa tatu aliyekuja na karatasi ya majibu kutoka nje. Bila yeye, pacha wawili wangesifiana tu.

Ndipo inapofaa kugeukia rafu za vitabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa na TUKI mwaka 1981, ikafuatwa na toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. BAKITA ikatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Hizi ni kazi za jasho, na anayezibeza hajui uzito wa kuandaa hata ukurasa mmoja. Hata hivyo, kamusi ya lugha moja ni chombo kinachofanana na kichunguzi kwa jambo moja la msingi: hufafanua maneno kwa maneno. Maneno yanayofafanulia nayo ni Kiswahili. Basi jaribio la kwanza la haki ni kuipitisha kamusi ndani ya kamusi. Kila neno lililotumika katika fasiri, je, limeingizwa mahali pake? Na msomaji akilifuata neno hilo, atafika penye maelezo au atazungushwa? Tuseme kamusi yasema hofu ni woga, kisha yasema woga ni hofu. Mzawa hatasumbuka, kwa kuwa alikuwa anajua tangu awali. Lakini mtoto aliyelelewa Kitisuru au Loresho kwa Kiingereza, akafungua kamusi kwa sababu hajui, ametumwa kutoka mlango hadi mlango na kurudishwa alikoanzia.

Kwa Kiingereza jaribio hili ni rahisi kiasi. Kwa Kiswahili ni gumu, na ugumu huo wenyewe ndio utamu wa kazi. Fasiri haitumii neno tegemea peke yake. Hutumia wanaojitegemea, isiyotegemewa, hutegemeana. Kompyuta ikitafuta maumbo hayo herufi kwa herufi katika orodha ya vidahizo, itafeli yote. Ni lazima kwanza ijue kuyavua viambishi. Kitenzi kimoja kama pika, kikipewa viambishi vya nafsi, njeo, yambwa, ukanushi na unyambuaji, chaweza kuzaa maumbo yanayohesabika kwa maelfu. Hawakumpikia ni moja tu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alilitambua hilo mapema na tangu miaka ya 1980 alijenga kichanganuzi cha SWATWOL ambacho hulivunja neno la Kiswahili katika mofimu zake. Inasemwa kwa heshima zote: kazi hiyo ilistawi Ufini kabla ya kustawi Nairobi. Umbali baina ya bewa la Chiromo, ambako kompyuta hufundishwa, na bewa kuu ambako mihadhara ya Kiswahili hutolewa, hautoshi kumtoa mtu jasho, lakini ni wanafunzi wachache wanaouvuka wakiwa na swali moja mkononi.

Hoja ni ileile kwa vikaguzi vya tahajia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, na tangu hapo juhudi nyingine zimefuata. Kikaguzi kikiletwa, kipitishiwe kwanza maneno ya menyu za programu inayokibeba. Kikipiga mstari mwekundu chini ya neno tarakilishi huku menyu yenyewe ikilitumia, basi chombo kimejishtaki, na ni heri kijishtaki chenyewe kuliko kumshtaki mwanafunzi aliyeandika sawasawa.

Vitabu vya sarufi navyo visisamehewe. Wanafunzi hukatwa alama kwa kuandika mtu ambaye aliyekuja, kwa hoja kwamba urejeshi umerudiwa. Hoja hiyo ina mashiko. Basi kanuni hiyo na ipitishwe katika nathari ya kitabu kinachoifundisha, sentensi kwa sentensi, toka dibaji hadi jalada la nyuma. Kanuni ikimshinda mtunzi wake, mambo mawili yawezekana: ama mtunzi aliteleza, ama kanuni ni finyu kuliko lugha yenyewe. Yote mawili ni habari njema kwa mtafiti. Wapo watakaosema huku ni kutafutana makosa na kuwavunjia heshima wazee wa taaluma. Sivyo. Mhandisi wa GDB haoni haya kazi yake inapofeli katika jaribio lake mwenyewe. Huisajili kasoro, huipa namba, na mwingine huja kuirekebisha. Haya ingempata endapo angeificha.

Suala hili limekuwa la dharura zaidi sasa ambapo programu za akili bandia huandika Kiswahili, hukitafsiri, na wakati mwingine hutumiwa kupima Kiswahili kilichoandikwa na programu nyingine kama zenyewe. Huo ni mtihani wa pacha bila yule wa tatu. Mashine ikizoea kusema vitabu mzuri, na msahihishaji wake akawa amelelewa kwa maandishi yaleyale, wote wawili watatabasamu. Karatasi ya majibu haina budi kutoka kwa watu wanaoijua lugha, nao ndio hasa wanaosoma kurasa kama hizi.

Kazi yaweza kuanza kwa udogo: herufi moja ya kamusi, tuseme herufi D ambayo si ndefu mno, kichanganuzi kimoja cha mofimu, wanafunzi wawili kutoka Chiromo na wawili kutoka idara ya Kiswahili. Wenye hakimiliki ya kamusi waombwe ruhusa kwa barua. Maneno yatakayokosa makao yaorodheshwe, mizunguko ihesabiwe, na yale ambayo kichanganuzi kimeshindwa kuyavunja yaandikwe kwamba hayakujaribiwa. Ama majibu yanayotarajiwa, hayo yaandikwe kabla ya kompyuta kuwashwa, na mtu ambaye hakushiriki kuiandaa kamusi.