Nani Anakula Peke Yake?



Nilipoingia kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni, nilikuwa na kigugumizi. Usiku wanafunzi wa vidato vya juu waliniamsha, wakanisimamisha juu ya sanduku na kuniamuru nihutubu, ili wapate kucheka. Mwenzangu mmoja alifika shuleni na viatu vya akala. Wakamwita kwa jina la viatu vyake. Hakuna aliyetaka kula nasi. Basi tukala pamoja.

Tulichopeana kilikuwa kidogo. Yeye alisubiri neno langu mpaka litoke, wala hakunimalizia. Mimi nilimlindia blanketi na sabuni alipokwenda kuteka maji. Kwa kusubiriwa huko nilijiona mtu tena.

Wengi wakisikia habari ya namna hii husema kwamba urafiki huponya. Ni kweli, lakini ukweli huo usiwe kisingizio chetu. Muhula wa tatu mwenzangu alirudishwa kwao kwa kukosa karo, asionekane tena. Siku ile ile nilikula peke yangu, na usiku nikasimamishwa juu ya sanduku kama kwanza. Urafiki ulitusitiri; haukukomesha maonevu. Wenye uwezo wa kuyakomesha walikuwa watu wazima, nao walijua. Walisema ni desturi, humkomaza kijana. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: sidhani kama wangeitamani desturi hiyo kwa watoto wao wenyewe.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unaidai serikali katika kifungu cha 19 imlinde mtoto na ukatili wa mwili na wa akili. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kwa namna yoyote. Sheria basi ipo. Lakini sheria haiingii bwenini usiku pasipo mtu wa kuipeleka.

Kwa hiyo, mzazi na mwalimu, tunapokutana na watoto wetu tusiulize alama za mtihani tu. Tuulize: Unakula na nani? Nani anakula peke yake? Kisha tuchukue hatua juu ya jibu tutakalopewa. Haki haitimizwi kwa kumwachia mtoto mmoja kazi ya kumwokoa mwenziwe.