Uchungu wa pakanga hautoshi

Anayetafuta dawa ya minyoo Kihonda, Morogoro, hana haja ya kwenda mbali. Duka la dawa lina albendazole, kidonge cha miligramu 400. Muuza mitishamba naye ana unga wake, na akiulizwa kama unatibu, jibu lake huwa jepesi: onja. Mteja akikunja uso, biashara imekwisha. Dawa chungu hivyo, minyoo itavumilia vipi?

Hoja hiyo ni kongwe kuliko mji wenyewe. Katika karne ya kwanza, tabibu Mgiriki Dioscorides aliandika kuhusu apsinthion, mmea ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaufahamu kwa jina la pakanga, nyota ya kitabu cha Ufunuo inayotia maji uchungu. Jamaa yake, seriphon, alishauri uchemshwe peke yake au pamoja na mchele, kisha unywewe na asali ili kuua minyoo. Mimea hiyo ni ya ukoo wa Artemisia, na ndugu yao wa Kiafrika, Artemisia afra, humea katika nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Wagiriki hawakubahatisha. Mwaka 1830 wanakemia wa Ulaya walitenga santonini kutoka kwenye Artemisia cina ya Asia ya Kati, ikawa dawa ya minyoo kwa zaidi ya miaka mia moja. Iliwalemaza chango, kisha mgonjwa akapewa dawa ya kuharisha ili watoke. Kwa tegu haikufaa. Tena aliyezidisha kipimo aliona kila kitu kwa rangi ya manjano, na wengine walipata degedege. Dawa salama zaidi zilipopatikana, santonini ikawekwa kando.

Namna ya kuandaa nayo ina uzito wake. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alitafuta dawa ya malaria ndani ya Artemisia annua. Kuchemsha kuliharibu kiini chake. Alifaulu alipokamua kwa joto dogo. Kiini hicho, artemisinini, ndicho mzizi wa dawa mseto inayotolewa leo katika vituo vya afya nchini. Hata hivyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa haliungi mkono kutibu malaria kwa chai au unga wa majani hayo.

Wapo watakaosema kudai vipimo ni kudharau tiba ya wazee. La hasha. Dharau ni kuiacha tiba hiyo ijitetee kwa ladha tu, wakati Chuo Kikuu cha Sokoine kina kampasi ya sayansi Mazimbu, jirani kabisa na Kihonda, na sheria ya mwaka 2002 imeunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Waganga, chuo na Baraza wakae meza moja, waanze na dawa za minyoo. Kila pakiti itaje mmea, aina ya minyoo, kipimo cha mtoto na cha mtu mzima, na onyo kwa wajawazito. Hadi kazi hiyo ifanyike, mzazi asimzuie mtoto kumeza kidonge cha minyoo kinachogawiwa shuleni kwa sababu tu nyumbani ameshakunywa kikombe cha majani machungu.