Kiti kimoja kwenye gari la wageni

Kwaya ya kutoka Ujerumani au Marekani inapokuja Karatu, wazazi wa kwaya mwenyeji huijua ratiba hata kabla haijasomwa. Siku moja ni mazoezi ya pamoja, Jumapili ni kuimba kanisani na chakula cha mchana, halafu wageni wanapewa siku yao ya kutembelea Ngorongoro. Makanisa ya hapa, KKKT likiwemo, yana urafiki wa miaka mingi na makanisa ya nchi hizo, na ziara za kwaya ni sehemu ya urafiki huo.

Watoto wa mwenyeji hufanya kazi kubwa. Wanawafundisha wageni maneno ya nyimbo, wanabeba viti, wanakaa nao mezani nyumbani. Lakini alfajiri ya siku ya matembezi magari yanaondoka, wao wanabaki wakipunga mikono. Hakuna aliyewakataza kwenda. Hakuna aliyewakumbuka, na mzazi naye hakuuliza.

Kutoka Karatu mjini hadi lango la Lodoare hakuzidi kilomita 20, tena kwa lami. Hata hivyo, wapo watoto wa hapa wanaomaliza shule wakimjua faru kwa picha ya kwenye noti ya shilingi 5,000 tu. Mgeni aliyetoka ng'ambo anamwona ndani ya wiki moja na kurudi kwao na la kusimulia. Mtoto wa Karatu akiulizwa kuhusu kreta iliyo jirani na kwao, anabaki kimya. Mtoto akizoea hivyo, huanza kuamini kwamba vitu vizuri vya kwao viliwekwa kwa ajili ya watu wengine.

Wazazi wengi watasema ni gharama. Ni kweli, ila ni vyema kujua gharama iko wapi. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na dola anazolipa mgeni. Mzigo mkubwa ni gari. Basi la kwaya haliwezi kushuka kreta. Inabidi kukodi Land Cruiser au gari jingine imara la aina hiyo, na juu ya hapo kuna tozo ya kushuka. Tozo hiyo hulipwa kwa gari, si kwa kichwa. Maana yake, kiti kinachoshuka kitupu kimeshalipiwa. Wageni 20 wakipanda magari manne yenye nafasi ya abiria sita kila moja, viti vinne vinabaki wazi.

Hivyo ndivyo viti vya kuombwa, na viombwe mapema, kabla magari hayajakodiwa. Wazazi wachangie kiingilio na chakula cha watoto wao. Watakaokwenda wapatikane kwa kura, si kwa kuangalia nani ni mtoto wa mwalimu wa kwaya au wa mwenyekiti. Waliokosa safari hii wawe wa kwanza ziara ijayo.

Mtoto akipata nafasi, aandaliwe. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi huwa na ukungu na baridi kali, kwa hiyo sweta ni lazima. Chini kuna vumbi wakati wa kiangazi. Kitambaa cha kufunika pua na maji ya kunywa vitamsaidia kulinda koo. Kamati isipange onyesho jioni ya siku hiyo, maana sauti zitakuwa zimechoka. Abebe pia kitambulisho au nakala ya cheti cha kuzaliwa, kwa sababu getini uraia unaweza kuulizwa.

Aambiwe na taratibu. Gari linashuka takribani mita 600 hadi kwenye uwanda wa kilomita za mraba zipatazo 260, na hakuna kuteremka isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa. Mojawapo ni Ngoitokitok, penye bwawa la viboko. Hapo mwewe hunyakua chakula mkononi mwa mtu, hivyo ni salama zaidi kula ndani ya gari. Kelele haziruhusiwi. Kwa vijana wa kwaya hilo si geni. Wamezoea kunyamaza wakimsubiri mwalimu ainue mkono.

Mzazi anaweza kumpa mtoto swali la kwenda nalo: kwa nini chini ya kreta hakuna twiga? Dereva atamweleza kuwa kuta ni kali mno kwao na miti ya kula huko chini ni michache. Akae karibu na mgeni wa rika lake, amtajie nyumbu, nyati na pundamilia kwa Kiswahili, naye ajifunze majina hayo kwa lugha ya mgeni. Siku hiyo mwenyeji anakuwa mwenyeji kweli, anayemwonyesha rafiki kwao.

Mwaka usio na wageni, hesabu ni ileile: familia kadhaa zinaweza kuchangia gari moja. Lakini kama ziara imeshapangwa, mzazi asingoje kikao cha mwisho. Ratiba ikisomwa tu, anyooshe mkono na kuuliza: magari mangapi, na viti vingapi vitabaki?