Anapepesa Macho? Msimchape!

Huku Majengo, Sumbawanga, jirani zangu wamenuniana. Mtoto wao wa miaka 7 anapepesa macho na kurusha bega kila mara. Baba kasema utundu, achapwe. Mama kasema karogwa, apelekwe kwa mganga.

Jamani, si utundu wala uchawi. Madaktari wanaiita tiki: misuli inajitikisa yenyewe, mtoto hakusudii. Hadi mtoto 1 kati ya 5 wa umri wa shule huipitia, wavulana zaidi. Huzidi kwenye miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua. Za mwili na za sauti zikidumu zaidi ya mwaka, huitwa Tourette, jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1885.

Mfanyeje? Acheni kumkaripia, maana hofu na uchovu huzichochea. Mwelezeni mwalimu. Zikimsumbua, muoneni daktari: kuna mazoezi ya kuzitambua zinapokuja na kuzizuia, na dawa kwa hali kali. Akipoteza fahamu, hiyo siyo tiki, wahini hospitali.

Na nyie wawili, elewaneni kwanza. Mtoto asiwe sababu ya kulala mzungu wa nne!